Utepe Mweupe kwenye Mwasmini

Kazi yangu ni kupiga picha ambazo siruhusiwi kumwonyesha mtu. Ni mpiga picha wa kupamba, ile siku wanawake wanapokusanyika kumtazama bibi harusi akiwa jukwaani, kichwa wazi, hina mpaka viwikoni. Wanaume hawaingii. Mlangoni hukaa mama mmoja na mkasi na plasta, kila mgeni anayepita simu yake inabandikwa plasta kwenye jicho la kamera, na hakuna anayelalamika. Mpiga picha naye lazima awe mwanamke, tena mwanamke anayejulikana kwao, na mimi kwa familia nyingi za Likoni na ng'ambo ya feri najulikana. Harusi ikiisha nawakabidhi wenyewe picha zao zote. Kwangu haibaki hata moja.

Kwa hiyo baada ya miaka mingi ya kazi hii, ukutani kwetu Bofu, hapa Likoni, pametundikwa saa na kalenda ya duka la vyuma. Wageni wakisikia mimi ni mpiga picha huomba waone kazi yangu, nami huwaonyesha picha ya pasipoti ya mama, ambayo hata mwenyewe haipendi. Wanacheka. Nami nilikuwa nikicheka nao, lakini nilishachoka kucheka. Nilitaka picha moja nzuri iliyo yangu, ambayo mjomba ataiona na jirani ataiona na isimvunjie mtu heshima. Nayasema haya mapema ili nisijifanye mpenzi wa ndege. Sikuwa. Nilikuwa na haja ya picha, na ndege wakaja.

Nyumba ni ya mama. Nilirudi kwake ndoa yangu ilipoisha na tangu hapo tunaishi wawili. Nyuma ya jiko, hatua mbili kutoka dirishani, kuna mwasmini wake, mnene, umempita mtu kimo. Kila siku baada ya Adhuhuri yeye hutoka na sinia kutunda vikonyo kabla havijafunguka, kisha huketi barazani kuvitunga kwa uzi. Mtaa mzima unajua kwamba mwenye shughuli huja kwake kuagiza. Siku moja, mvua za vuli zimekatika na joto limeanza kushika, alirudi jikoni na sinia tupu.

"Leo situndi," akasema. "Mna wenyewe ndani."

Nilienda kutazama. Usawa wa kifua changu, kwenye panda ya matawi upande wa dirisha, kulikuwa na kiota kama kikombe, kimesukwa kwa vijiti, mizizi na chelewa za ufagio wetu wenyewe. Ndani mlikuwa na mayai matatu ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye madoadoa ya zambarau. Mwenye kiota alikuwa juu ya mpapai akinitukana. Alikuwa shore, ndege wa kahawia asiye na urembo wowote, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, na doa la manjano chini ya mkia ambalo huwezi kuliona mpaka ageuke.

Mama akapiga marufuku. Hakuna kutunda, hakuna kupogoa, hakuna kumwaga maji ya kufulia upande ule. Jirani aliyekuwa na harusi ya bintiye alipomtuma mtu kuja kuchukua asmini, mama alimjibu, "Kamwambie mwasmini umekaa eda. Utakapotoka edani, inshallah, nitamtungia." Jirani alinuna wiki nzima. Mama hakujali, na nadhani alikuwa akijifurahisha kuwa na jambo la kulikatalia.

Mimi niliweka kiti jikoni nyuma ya pazia, nikafunga lenzi ndefu, nikaipenyeza kati ya nondo za dirisha. Asubuhi ndiyo saa yangu ya bure, kwa sababu shughuli zetu ni za jioni. Nilikuwa nakaa hapo tangu chai mpaka mama aje kutaka jiko lake.

Niliyoyaona siku za mwanzo hayakuwa mengi. Shore wawili walipokezana kuatamia. Dume na jike ni sawasawa, sikuweza kuwatofautisha. Mama alidai anaweza, lakini nilipomjaribu alikuwa akibahatisha. Vifaranga wawili walitoka siku moja, wa tatu siku iliyofuata. Hawakuwa na unyoya hata mmoja, rangi ya nyama mbichi, macho yamefumbwa, shingo zisizoweza kubeba vichwa. Tawi likitikisika tu, midomo mitatu inafunguka kwa pamoja. Waliletewa viwavi, panzi waliokwisha kupondwa, na vipande vya papai letu. Mzazi akishalisha husubiri kidogo, kifaranga anageuza makalio, na mzazi anakipokea kinyesi kikiwa kimefungwa ndani ya ngozi nyeupe, anaruka nacho kwenda kukitupa mbali. Mama alipoliona hilo alifurahi kuliko yote. "Wallahi wana nepi," alisema. "Tena wanazitupa mbali na nyumba, si kama watu wa mtaa huu."

Kunguru walikuwepo tangu mwanzo. Bofu haina siku isiyo na kunguru. Wanakaa juu ya tangi la maji, wanajua nani anatoka na taka na nani anatoka na kiatu cha kuwarushia. Walimwona shore akiingia na kutoka mwasminini, bila shaka, lakini majani yalikuwa mengi na kiota kiko ndani. Kunguru ni mvivu pale asipoona.

Tatizo langu mimi lilikuwa hayo hayo majani. Picha zote za wiki ile zilikuwa mbovu. Zilikuwa na giza la kijani, na katikati yake kitu cha kahawia ambacho ilinibidi nimweleze mtu ni nini. Niliongeza mwanga kwa mashine, zikawa na chembechembe kama uji uliokatika. Picha ambayo lazima uieleze si picha.

Kwenye kazi yangu jambo hili lina dawa. Bibi harusi akikaa vibaya namnyanyua kidevu. Shela ikimtia kivuli usoni naisogeza na kuibana kwa pini, napiga, namrudishia. Mikono yangu imezoea kupanga watu. Siku ya saba ya vifaranga nilifungua begi la kazi, nikatoa utepe mweupe wa satini, ule tunaofungia maua ya bibi harusi, nikatoka nje. Nilivuta matawi matatu yaliyokuwa juu na mbele ya kiota, nikayafunga kwenye nondo za dirisha. Sikukata hata jani moja, na nilijisifu kwa hilo. Jua la saa mbili likaingia mpaka ndani ya kiota.

Shore alikataa kurudi kwa robo saa nzima. Alikuwa juu ya kamba ya nguo na panzi mdomoni, anapiga kelele bila kumwachia panzi. Kisha akaja. Nikapiga picha nyingi, kila unyoya unaonekana, nikatoka kufungua utepe na matawi yakarudi mahali pake. Siku ya pili nikafanya vivyo hivyo. Mama hakujua, maana saa hizo huwa barazani na msahafu wake, na mimi sikumwambia kwa sababu nilijua atakavyosema.

Siku ya tatu sikufungua. Nataka niiseme sababu kama nilivyojiambia mwenyewe, kwa kuwa nilijiambia kwa ufasaha. Nilijiambia kwamba kufunga na kufungua ndiko kunakomsumbua ndege, na kwamba afadhali yakae yamefungwa azoee mara moja. Nilimfanyia huruma iliyokuwa na faida kwangu.

Saa nne hivi jua lilikuwa kali. Shore alikuja bila chakula mdomoni. Alisimama ukingoni mwa kiota, akafungua mbawa zote mbili, akainama juu ya watoto, akatulia hivyo. Chini ya mbawa ilionekana midomo mitatu, wazi. Na wake ulikuwa wazi. Alikaa dakika nyingi, na mimi sikuwahi kuona ndege akikaa hivyo. Nilijua, kama fundi anavyojua, kwamba hii ndiyo yenyewe.

Niliihamishia kwenye simu hapo hapo jikoni, nikaituma kwenye kundi la familia. Katika maisha yangu sikuwahi kutuma kitu pale ila salamu za Idi na tanzia. Majibu yakamiminika. Wifi yangu wa Changamwe aliandika, "Mashallah, haya ndiyo mapenzi ya mama." Binamu aliomba aiweke kwenye simu yake. Mjomba, ambaye hajapata kuona hata picha moja ya kazi yangu kwa kuwa ni mwanamume na hana ruhusa, aliandika maneno matatu: "Kumbe u fundi." Nikayasoma mara nne. Nilifurahi sana, na sitakataa hata leo kwamba nilifurahi.

Nikamkimbilia mama barazani na simu mkononi. Alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda.

"Mbona kakaa hivi?" akauliza.

"Anawakumbatia, mama."

"Hakumbatii huyu. Hebu mtazame mdomo. Yuwaona joto, na hao watoto wanaungua. Anawatilia kivuli." Akanitazama juu ya miwani. "Majani yako wapi, mwanangu?"

Hapo tukasikia kelele za shore kutoka nyuma ya nyumba, wote wawili kwa pamoja. Tulikimbia. Kunguru alikuwa amesimama kwenye nondo za dirisha, juu ya fundo langu, amejipatia ngazi. Mdomoni alikuwa na kifaranga. Mwingine alikwisha kuchukuliwa. Kunguru wa pili alikuwa juu ya tangi akila bila haraka. Shore walikuwa wanamrukia kichwani yule wa dirishani, nao ni wadogo, hata hakuinamisha shingo. Mama alimtupia mwiko uliokuwa karoni, mimi nikapiga makelele. Akaondoka na alichokishika. Kiotani alibaki mmoja, amejilaza kama kitambaa, hapumui ila ukimtazama sana.

Mama ndiye aliyefungua utepe. Vidole vyake vina baridi yabisi na fundo lilikuwa zuri, fundo la kazini, lisilofunguka bibi harusi anapocheza. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono. Alihangaika nalo mpaka likafunguka, matawi yakarudi, akaukunja utepe, akanitia mkononi. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepata pa kujitetea. Niliona haya kama sijapata kuona. Watu wananiamini mimi na vichwa vya binti zao kwa sababu najua kusitiri, na ndege aliyejisitiri mwenyewe nilikwenda kumfunua ili mjomba anisifu.

Kunguru waliporudi jioni walikuja moja kwa moja kwenye tawi lile lile. Walikwisha kujifunza. Ndipo tukaanza kulinda. Mama aliweka kigoda kando ya mwasmini, ufagio mapajani na tasbihi mkononi, nami nikachukua zamu ya mchana. Hatukupanga kwa maneno. Nilimkuta kigodani alfajiri, nikamletea chai, akakaa. Kamera ilibaki ndani ya begi. Sasa nilikuwa namtazama kifaranga kwa macho matupu, na nikagundua kwamba sikumbuki sura ya yeyote kati yao, kwa maana siku zote nilikuwa natazama mwanga.

Aliota manyoya haraka. Chakula cha watatu kilikuwa kinamwendea mmoja. Kwenye kundi la familia wifi aliuliza, "Vipi wale watoto?" Nikaandika, "Wazima, alhamdulillahi." Mmoja alikuwa mzima. Nilikaa na uongo ule siku nne.

Jumamosi nilikuwa na kupamba Kisauni. Nilifikiria kuiacha, lakini bibi harusi hawezi kutafutiwa mpiga picha wa kubahatisha asubuhi ya siku yake. Kwao mimi ndiye niliyejulikana na hakuna mwingine. Mama alinifukuza. "Nenda kafanye kazi za watu," alisema. "Huyu mmoja ni juu yangu." Alikuwa ameilaza kanga begani na viatu viwili karibu na kigoda, vya kurushia. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, nilimwacha akilinda ndege wa nusu kiganja.

Kazi ile niliifanya vizuri. Msusi alipotaka kuivuta shela ya bibi harusi nyuma zaidi ili uso upate mwanga, nilimwambia aiache. Nililala kwa wenyeji wangu, na asubuhi nikavuka feri na begi langu.

Mama alikuwa kigodani. Ufagio ulikuwa chini. Kiota kilikuwa kitupu.

"Wamemla?" nikauliza, kabla hata ya salamu.

"Ameruka. Jana, kabla ya Alasiri."

Akanieleza. Kifaranga alipanda ukingoni mwa kiota akakaa muda mrefu, wazazi wanamwita kutoka kwenye mpapai. Akaruka vibaya, akaangukia ndani ya karai la nguo lililokuwa limekauka, akatoka kwa kuparaza. Akapumzika kwenye kamba. Mkia wake ulikuwa bado haujafika, mama alisema, alikuwa kama mtu aliyevaa shati bila shuka. Kisha akaenda mpapai, kisha ua wa jirani, na wazazi wakamfuata. Mama alicheka peke yake mpaka jirani, yule aliyenuna, akachungulia kuuliza kuna nini.

Nilimshukuru Mungu, na nilimwonea wivu mama. Yote mawili kwa wakati mmoja, na sioni haja ya kuchagua. Alikiona peke yake kile nilichokuwa nakitaka, tena kwa sababu ya kulipa kosa langu.

Siku hiyo niliandika ukweli kwenye kundi. Mistari miwili: kwamba wawili waliliwa na kunguru, na kwamba mimi ndiye niliyeyafunua majani. Wifi alituma uso unaolia. Mjomba aliandika kwamba hiyo ni kadari, na akaomba nimchapishie ile picha ya mbawa, kubwa, aitie kwenye fremu.

Niliwasha kompyuta. Sikuwa nimeiona picha ile kwa ukubwa wake kamili. Ni picha nzuri, na hili lazima liandikwe. Mwanga unapita kwenye mbawa kama kwenye kitambaa chepesi, mishipa ya manyoya inahesabika, na jicho la ndege linakutazama bila kukuona. Sijapata kupiga picha bora kuliko hiyo na nadhani sitapiga. Niliichagua ili niifute.

Mama alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. "Wafanyani?"

"Naifuta."

"Kwani mbaya?"

"Siyo mbaya. Naionea haya."

Akaweka kikombe mezani, akavaa miwani, akainama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikanigusa sikio. Alitazama muda mrefu kuliko alivyotazama siku ile barazani.

"Iwache," akasema. "Wale wawili hawakuwacha kitu kingine."

Nikaondoa mkono. Nilidhani amemaliza, lakini hakuinuka. Alinyoosha kidole chake chenye kifundo, akakipitisha taratibu juu ya kioo, chini ya mbawa, kwenye ile midomo mitatu iliyo wazi.

"Ni yupi na yupi?" akaniuliza.

Niliikuza picha, nikaikuza tena. Midomo ilikuwa mitatu, ya rangi moja, imefunguka sawasawa. Nilikuwa nimewatazama siku tisa, kila asubuhi, kwa lenzi inayoonyesha mpaka mguu wa sisimizi, na sikumjua hata mmoja wao.